Unataka PA, ama Unataka Mtu wa Kulaumu?

Wiki hii nimeona matangazo matatu ya "natafuta PA" kwa stori za watu ninaowafuata. Nikiyachanganya yote matatu yanatoka hivi: awe na laptopu yake, awe na simu ya kamera nzuri, ajue kuhariri video, apatikane saa zote, awe mtu wa kujituma. Malipo: tutaongea.

Wasee, hii Kenya tunaijua. Ukiambiwa "tutaongea", jua hamtaongea.

Wacha niseme kitu ambacho kitauma wengine wetu, na nitaanza kwa kujichoma mwenyewe. Wengi wetu tukisema tunatafuta PA, hatujui tunatafuta nini. Tumechoka, DM zimejaa, tumesahau kutuma invoisi ya mwezi wa pili, na tumeona wasanii wakubwa na waheshimiwa wakitembea na mtu wa kuwashikia simu. Nasi tunataka wa kutushikia simu. Halafu siku mambo yakiharibika, yule mtu anageuka kuwa mahali pa kutupia makosa. "Pole sana, ni PA wangu alisahau." Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa kontenti. Nimeisema pia.

Mwaka jana nilimwajiri PA wangu wa kwanza. Nikisema nilimwajiri najipamba, maana hatukuandika chochote. Alikuwa ametoka tu kumaliza chuo, rafiki akaniunganisha naye, tukakutana kwa kibanda cha chai, tukakubaliana elfu kumi kwa mwezi na fea "ikiwezekana". Kazi niliyomtajia ilikuwa tatu tu: kujibu DM za kazi, kupanga ratiba yangu, na kufuatilia malipo.

Kazi aliyofanya? Alibeba taa ya kurekodi kutoka Kayole hadi Karen kwa matatu mbili. Alipanga foleni ya kuchukua mizigo yangu tauni. Alipeleka nguo zangu kwa dobi. Saa tano usiku nilikuwa namtumia voisi, "hebu niandikie maneno ya kuweka chini ya hii video", na asipojibu kwa dakika kumi namtumia alama ya kuuliza. Moja tu. Wale mmewahi kutumiwa ile alama moja ya kuuliza na mdosi usiku mnajua vile inakaa kifuani.

Na zile kazi tatu? Hangeweza kuzifanya, kwa sababu sikumfungulia mlango. Nilimwambia apange ratiba yangu lakini kalenda ilikuwa kwa simu yangu. Nilimwambia afuatilie malipo lakini barua pepe sikumwonyesha. Alikuwa anafanya kazi na vipande nilivyomrushia kwa WhatsApp nikikumbuka, kama mtu anayeambiwa apike pilau huku viungo vyote vimefungiwa kabatini.

Kwa nini sikumfungulia? Wakati huo nilijiambia ni usalama. Ukweli ni kwamba sikutaka aone bei. Video moja ya kampuni ilikuwa inaniletea mara kadhaa ya kile nilichomlipa kwa mwezi mzima, na nilijua siku akiona ile namba, ile "fea ikiwezekana" itanifunga mdomo. Kwa hivyo nilificha. Na nilichoficha ndicho kilichoniangusha.

Kampuni moja ya vitu vya nyumba ilinitafuta. Walitaka tufanye kazi miezi sita, na kwangu hiyo ingekuwa kodi ya nyumba na amani ya roho. Waliandika barua pepe kwamba tukutane Alhamisi, 9:00 asubuhi, Westlands. Mimi nikaisoma usiku nikiwa kwa rafiki Rongai, kichwani ikaingia kama saa tatu, nikamwandikia PA haraka haraka: "Thur 3 Westi, panga usafiri."

Mnaona penye shida? Siku kwa Kiingereza, namba kwa Kiswahili. Yeye akasoma vile mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma: Alhamisi saa tisa alasiri. Akapanga gari la saa nane, akanikumbusha Jumatano jioni, "Bosi, kesho tunatoka saa nane." Nikajibu kwa dole gumba bila hata kusoma.

Alhamisi saa tatu na dakika ishirini simu ikalia nikiwa bado kitandani. Nilifika Westlands saa nne na nusu nikiwa na jasho la aibu. PA naye alikuwa amepigiwa, akatoka mbio mtaani akanikuta pale mapokezi. Tukaingia. Kulikuwa na watu watatu mezani. Na mimi, kabla hata sijakaa, nikasema: "Samahani sana, PA wangu ndiye aliyekosea saa. Bado anajifunza."

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika begi langu. Akasema, "Poleni." Hakuongeza neno.

Walitupa dakika kumi. Wiki iliyofuata wakaandika kwamba wamechukua mtu mwingine. Lakini hiyo siyo iliyoniuma zaidi. Usiku wa ile Alhamisi nilipata ujumbe: "Bosi, asante kwa nafasi. Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Ukipata muda, angalia ujumbe wako wa Jumanne saa nne usiku."

Nikapanda juu kwa WhatsApp, nikaangalia. Ndio hiyo hapo: "Thur 3 Westi."

Sasa, mathe wangu alikuwa katibu muhtasi kwa ofisi ya umma hapa Nairobi kwa miaka mingi, enzi za kupiga taipu na kuandika hati mkato. Nikaenda nyumbani wikendi kumsimulia hii hadithi, nikitarajia huruma ya mama. Nikamweleza yote, vile mkutano ulipotea, vile wasichana wa siku hizi hawavumilii. Alikuwa anachambua sukuma. Akaniuliza swali moja tu.

"Dayari ilikuwa na nani?"

Nikasema, nayo nilikuwa nayo mimi.

"Basi wewe ndiye ulichelewa."

Akaendelea kuchambua sukuma.

Baadaye tukiwa kwa chai akaniambia vile kazi yao ilikuwa. Kila asubuhi, kabla mlango wa mkubwa haujafunguliwa kwa wageni, walikaa dakika kumi na dayari mezani: leo ni nani anakuja, anataka nini, barua gani haijajibiwa, ni nani ameahidiwa kitu na ameanza kukasirika. Barua zote alizifungua yeye isipokuwa zile zilizogongwa mhuri wa siri. Wakubwa walibadilika, yeye akabaki pale mlangoni, na anasema aliwajua kwa kitu kimoja. Mkubwa aliyemwambia mambo mapema alionekana kwa watu kuwa mtu makini. Mkubwa aliyemficha mambo alijikuta ameahidi mikutano miwili saa moja, kisha anapiga kelele kwa korido kwamba sekretari hajui kazi.

Hilo neno sekretari, mnajua, mzizi wake ni neno la Kilatini la siri. Zamani alikuwa ndiye mtu anayeshika siri za mkubwa. Sisi leo tunataka mtu wa kushika begi, halafu siri tunabaki nazo wenyewe.

Hii kazi tunaidharau kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Kwa makampuni makubwa, msaidizi wa mkurugenzi hakai pale kujibu simu tu. Ndiye anayejua mkurugenzi akiingia mkutano wa saa nne anahitaji karatasi gani mkononi. Anajua ni simu gani inaweza kusubiri hadi kesho na ni ipi inafaa kumtoa mkutanoni. Anajua ni nani aliahidiwa jibu Ijumaa, na Alhamisi anakumbusha. Anaweza kusema "hapana" kwa niaba ya mkubwa, na hiyo hapana ikasimama. Na mara nyingine anamwambia mkubwa mwenyewe hapana: umechoka, hii safari ahirisha.

Angalia hiyo orodha tena. Hakuna hata kitu kimoja hapo ambacho mtu anaweza kufanya kama hajui unachofanya, hana ruhusa ya kuamua chochote, na anagundua mipango yako dakika ya mwisho. Ukimnyima habari, umemfanya mtu wa kutumwa. Kutumwa nako ni kazi ya heshima, kuna watu wanaifanya vizuri sana na boda zao, lakini ilipe kama kazi ya kutumwa na uiite hivyo. Usiandike PA halafu unatafuta dobi.

Najua mtasema: lakini nikimfungulia kila kitu, akiniibia? Akihama na wateja wangu? Swali la haki. Kuna watu wamechomwa kweli. Ila kumwamini mtu si lazima umpe funguo zote siku ya kwanza. Kalenda unaweza kumshirikisha aione na kuihariri. Gmail ina namna ya kumwongeza mtu asome na kujibu barua zako kutoka akaunti yake mwenyewe, bila kumpa nywila yako, na siku mkiachana unamtoa. PIN ya M-Pesa usimpe mtu yeyote, hata mimi. Mtumie pesa ndogo ya shughuli za wiki, akuletee risiti, basi. Hizo ni dakika ishirini za kupanga. Nilipoteza dili ya miezi sita kwa kukataa kupoteza dakika ishirini.

Kuna upande wa pili wa usalama ambao hatuutaji: usalama wa watu wanaotuandikia. DM zangu zina wateja, lakini pia zina watoto wa form three wanaoniambia mambo ya nyumbani kwao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, ukimpa msaidizi hizo DM lazima mkubaliane mapema: nini anasoma, nini hagusi, nini kikitokea anakuletea wewe mara moja. Na muandike.

Tukiongea kuandika, wacha nitaje sheria kidogo, maana wengi wetu tunajiona tuko nje ya sheria kwa sababu ofisi ni kitanda. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe kwa maandishi, na anayepaswa kuhakikisha umeandikwa ni mwajiri, si mfanyakazi. Mfanyakazi ana haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Ana likizo yenye malipo ya siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Na ile "kwanza tukuone" yetu ina kikomo: kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kuongeza kunahitaji mfanyakazi mwenyewe akubali. Mtu anayekufanyia kazi kila siku mwezi baada ya mwezi hawezi kubaki "kibarua wangu" kwa sababu tu unamlipa kwa M-Pesa na huna ofisi.

Mimi sikujua hata moja ya hizo. Kutojua kulinifaa, ndio maana sikuuliza.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki. Wengi wetu hapa tumekuwa upande ule mwingine. Ni wangapi wenu mnafanya kazi za mtandaoni, msaidizi wa mdosi ambaye hujawahi kumwona, yuko Marekani? Yake ikiwa saa tatu asubuhi kule New York, hapa ni saa kumi ama saa kumi na moja jioni, inategemea wamebadilisha saa zao ama bado. Kazi yako inaanza majirani wakipika chakula cha jioni na inaisha jogoo akiwika. Na tukikutana tunalalamika, na tuna haki: mdosi hajibu, mdosi anabadilisha maneno, mdosi amekata malipo, mdosi anataka niwe macho saa zote kana kwamba silali. Halafu asubuhi hiyo hiyo unaamka, unamtumia PA wako alama moja ya kuuliza.

Mkuki kwa nguruwe, si ndio?

Kuna msee atasema, mimi ni mdogo bado, sina pesa ya mshahara wa maana. Sawa. Basi usimwajiri mtu mwezi mzima. Lipa asubuhi mbili kwa wiki, masaa manne manne, kwa bei ya haki na kazi inayojulikana: Jumatatu tunapanga wiki, Alhamisi tunafuatilia pesa na majibu. Ukiona hata hizo huwezi, bado hujafika mahali pa kuwa na PA, na hakuna aibu. Nunua daftari. Aibu ni kumchukua mtu mwenye njaa ya kazi na kumlipa kwa matumaini, ati "utajulikana kupitia kwangu". Kujulikana hakulipi kodi. Mwenye nyumba hajawahi kumuuliza mpangaji ana wafuasi wangapi.

Na nyinyi mnaotafuta hizi kazi, mkiitwa, ulizeni mapema kabla hamjashika begi la mtu. Nitaona kalenda na barua ama nitakuwa naambiwa? Naweza kuamua nini bila kukuuliza? Simu yangu inazimwa saa ngapi? Pesa inaingia tarehe gani? Akikasirika kwa kuulizwa, ashakujibu. Na maagizo yote ya maana yaandikwe, hata kama amekupigia. Mtumie ujumbe: "Nimeelewa hivi, ni sawa?" Yule dada aliniponyoka bila kelele kwa sababu alikuwa na maandishi. Angekuwa na neno lake tu dhidi ya langu, mimi ningeendelea kuwasimulia vile vijana hawana bidii.

Nilimtumia pesa yake ya mwezi wote, na fea zote nilizokuwa "nitaziangalia". Nikaandikia ile kampuni kwamba kosa la saa lilikuwa langu, na nikamweka yeye kwa ile barua aione. Dili haikurudi, na sikuitarajia irudi. Mtu mmoja kule akajibu, "Asante kwa kusema." Yeye akajibu baada ya siku mbili: "Nimeona." Sasa yuko kwa kampuni ya usafirishaji, anapanga safari za mameneja, na nasikia wanamtegemea sana. Hakurudi kwangu, na mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

Msaidizi niliye naye sasa anafanya kazi asubuhi tatu kwa wiki. Tuna karatasi mbili tulizotia sahihi. Anaona kalenda, anaona barua, na ndio, anaona bei. Wiki ya pili aliniuliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza: "Hii kampuni inakulipa kidogo kuliko zote na inakula siku nne zako. Mbona unaichukua?" Sikuwa na jibu. Tukaiacha. Siku hizo nne ndizo zilizonipa nafasi ya kuongeza malipo yake. Ile namba niliyokuwa naificha kwa wa kwanza, wa pili aliiona akanisaidia kuikuza.

Na mikutano yote kwa kalenda yetu inaandikwa mara mbili, ilikuwa sheria yake. Saa tatu asubuhi, 9:00. Saa tisa alasiri, 15:00. Nikiandika "3" peke yake, anairudisha.